Acheni Kuongea na Kioo

Swali ni lilelile, safari hii limetoka kwa mwalimu mkuu mstaafu: "Daktari, nipe maneno ya kujiambia kila asubuhi nirudi kama zamani." Maneno hayo sina, mama, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Tayari anayo mengine, aliyouziwa kwenye semina ya hamasa aliyoilipia kwa kiinua mgongo chake. Kila alfajiri husimama mbele ya kioo akitamka, "Mimi ni mshindi, sijapoteza kitu." Kisha huvaa suti yake ya kazini na kukaa sebuleni, mkoba mapajani, mpaka saa nne. Sijapoteza kitu! Amepoteza kengele, mhuri, ofisi, na walimu waliokuwa wakisimama anapoingia. Kioo kinamtaka akane msiba ambao nyumba nzima inauona.

Dawa hii ni kuukuu, imebadilishiwa chupa tu. Mfamasia Mfaransa, Émile Coué, aliitembeza hadi Marekani miaka ya 1920, akiwataka wagonjwa wajirudierudie kwamba wanaendelea vizuri. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliipima. Waliwaomba watu wajirudie kwamba wanastahili kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walipata nafuu kidogo. Wasiojithamini walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakutamka chochote. Ukijisifu kwa usichokiamini, moyo hukuletea ushahidi wote wa kukupinga. Yaani dawa inamfaa asiyeumwa, na wahamasishaji wanaendelea kukata tiketi.

Hata hilo la kurudi kama zamani ni ombi lisilotekelezeka. Daktari wa akili Mswisi, Carl Jung, alipoachana na mwenzake Freud mwaka 1913, akikaribia miaka 40, alichanganyikiwa kwelikweli. Hakujipigia makofi. Aliandika ndoto zake, akachora, akayasikiliza yaliyomtisha, na humo ndimo ilimotoka sehemu kubwa ya tiba yake ya kuchimba nafsi. Pwani hatuhitaji Mswisi kutufundisha hili: mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hakuna anayemharakisha. Mstaafu hupewa keki na saa ya ukutani Ijumaa, Jumatatu tunataka awe amezoea. Mimi ningemuuliza mwalimu huyu: nani alikufundisha, tena ukiwa na umri gani, kwamba bila cheo wewe si mtu?

Sasa la kufanya. Unalala, unakula, ila hujui siku uzipangeje? Kocha wa maisha atakusaidia kwa vikao vichache, lakini muulize amesomea wapi, maana yeyote anaweza kujiita kocha. Jambo lilelile linakurudia tangu ujana? Tafuta mwanasaikolojia wa tiba, kikao cha takriban dakika 50 kila wiki, na ujipange kwa miezi. Fedha hazitoshi? Ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu. Huzuni imevuka wiki mbili, usingizi umekata, chakula hakipiti? Huenda ni sonona, muone daktari. Ukiwaza kufa, nenda hospitali leo hii, tena usiende peke yako.

Na semina ya awamu ya pili, mwalimu, usiilipie.