Kwa nini wasichana na wahamiaji wanaacha masomo ya uhandisi?



Duniani, kati ya watu 100 wanaohitimu uhandisi, wanawake ni 28 tu. Ndivyo ilivyotangaza UNESCO mwaka 2021. Wako pia walioingia katika masomo hayo kisha wakaacha njiani. Tueleze sababu, na namna ya kuwasaidia wabaki.

Je, ni kukosa akili?

Wengi husema: "Hesabu ni ya wanaume," ao "Huyu ametoka kwenye vita, hataweza." Watafiti Elaine Seymour na Nancy Hewitt walihoji wanafunzi wa vyuo vikuu 7 vya Marekani, wakatoa kitabu mwaka 1997. Waliona kwamba walioacha sayansi na waliobaki hawakupitana sana kwa uwezo. Wote walilalamikia mambo yale yale, hasa ufundishaji mbaya. Baadhi ya waliobaki walipata mwalimu aliyewashika mkono wakati wa shida.

Mizigo miwili

Msichana anarudi kutoka chuoni na kuanza kuchota maji na kupika, wakati kaka yake anarudilia masomo. Kwenye maabara anapewa kalamu aandike, wavulana wakishika mashine. Wengine wanaombwa ngono ili wapewe pointi. Hiyo ni jeuri.

Mhamiaji naye amekimbia bila karatasi za shule. Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa akifika Uganda anafundishwa kwa Kiingereza. Mwezi wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi zilihama tena. Katika uhandisi, somo la leo linategemea la jana. Anayekosa miezi mitatu anakuta wenzake wamefika mbali.

Msichana mhamiaji anabeba mizigo yote miwili. Hata hivyo inawezekana. Sandrine Mubenga, Mkongomani, alisomea uhandisi wa umeme Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Toledo, hadi kuwa daktari wa sayansi. Mwaka 2018 alianzisha shirika STEM DRC Initiative, linalosaidia vijana Wakongomani kulipa masomo.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Katika miaka ya 1970, mwalimu Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha Berkeley aliona kwamba wanafunzi weusi walioshindwa hesabu walikuwa na bidii, lakini kila mmoja alisoma peke yake. Wenzao wa asili ya China walisoma pamoja na kusahihishana. Alipoanzisha vikundi vya kufanya pamoja mazoezi magumu, matokeo yalipanda.

Kwetu, kikundi cha namna hiyo kinaweza kuunganisha wenyeji na wahamiaji, wavulana na wasichana. Wanaotafuta pamoja jibu la hesabu wanajifunza pia kuaminiana.

Tufanye nini?

- Wakuu wa vyuo: mumpime kwa mtihani aliyepoteza karatasi zake, na mlinde siri ya anayeshitaki jeuri.
- Walimu: mgawe zamu za kushika vyombo.
- Wazazi: mgawe kazi za nyumbani kwa wavulana na wasichana.
- Wanafunzi: mmualike katika kikundi chenu yule anayekaa peke yake.

Jadilini na majirani: katika mtaa wenu, nani aliacha masomo, na ni nani aliyemuuliza sababu?