Kompyuta kuukuu, kanda za Mzee na seva isiyopiga kelele

Kuna wadogo zangu wawili watatu walinikuta kafe wakaniuliza ile laptopu niliyonunua ikiwa na kioo kilichopasuka nimeifanyia nini. Nikawajibu imekuwa redio ya nyumba. Wakacheka sana. Basi leo naeleza yote, pamoja na pale nilipochemsha, maana pale ndipo penye somo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee wangu, hapa Tanga, ana kanda 63 kabatini. Kuna Mbaraka Mwinshehe wa enzi za Morogoro Jazz na Super Volcano, kuna taarabu ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa mjini kwetu. Nyingine alizirekodi mwenyewe redioni. Kanda moja, upande wa pili, mwishoni kabisa, ina sauti ya marehemu bibi akimpa mawaidha dada yangu siku ya harusi yake, mwaka 1994. Dakika 4 tu. Hatuna sauti nyingine ya bibi popote.

Mwaka 2022 nikapata kompyuta ya mezani iliyotupwa na ofisi moja, ile ya boksi kubwa. Nikahamishia humo kanda 40, ya bibi ikiwa ya kwanza, nikaiweka sebuleni iwake usiku na mchana. Nikajiona fundi! Tatizo feni. Chumba cha Mzee kinapakana na sebule. Asubuhi ya pili akaniita: "Mwanangu, hicho kitu chako kinapumua kama mgonjwa wa pumu. Sijalala." Nikamwambia atazoea. Hakuzoea. Alichofanya, kila usiku akienda kulala anachomoa waya ukutani, alfajiri anaurudisha. Wala simlaumu.

Kompyuta haipendi kuzimwa hivyo. Ikiwa katikati ya kuandika faili umeme ukatoweka, faili linabaki nusu, na orodha ya mafaili inaweza kuvurugika. Na diski ile ilikuwa kuukuu tayari. Miezi michache baadaye ikaanza kugonga, tak, tak, tak, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Kanda 40 zikaondoka nayo. Nikakimbilia kanda ya bibi niirekodi upya, redio kaseti ikaitafuna. Ilitoka imekunjamana kama kamba ya kiatu. Mzee aliitazama, akaiweka mezani, akatoka nje bila kusema neno. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ukimya wa mashine si mbwembwe. Mashine inayopiga kelele watu wa nyumbani wataizima tu, na wana haki.

Haya, twende kazini.

Kwanza, chagua laptopu, achana na boksi. Yangu ni Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2. Kioo kimekufa, kwa hiyo bei ilikuwa ya kutupa, na seva haihitaji kioo. Siku ya kwanza tu niliazima skrini ya nje. Halafu piga hesabu ya umeme: kompyuta ya mezani ikila wati 70 muda wote, kwa siku 30 ni uniti 50 hivi. Laptopu ikila wati 15 ni uniti 11. Tena betri ikiwa na uhai kidogo, umeme ukikatika mashine haidondoki ghafla. Ila ukiona betri imevimba, itoe mara moja, hiyo ni hatari ya moto.

Pili, ua kelele. Fungua mfuniko wa chini, toa vumbi kwa brashi laini. Unapopuliza, shika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Futa ile dawa iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya kidogo, maana joto lisipotoka feni itakimbia tu. Kisha toa diski ya kuzunguka, weka SSD. Hiyo haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo haina sauti kabisa. Usiiweke mashine juu ya kitambaa, itakosa hewa. Muziki wenyewe hauichoshi prosesa, hivyo feni yangu sasa saa nyingi hata haiwaki.

Tatu, programu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizi za zamani hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Ndiyo maana nyingi zinatupwa. Mimi naweka Debian, ni bure. Angalizo: Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Core 2 Duo ni biti 64, iko salama, lakini Pentium 4 nyingi za mwanzo zitakwama. Faili la DVD ya kwanza linakaribia GB 4, kwa hiyo nenda kafe na flashi ya GB 8, na elewana bei kabla hujaanza kushusha.

Juu ya Debian weka Navidrome, nayo ya bure. Unaionyesha folda ya muziki, yenyewe inapanga wasanii na albamu. Kwenye simu unafungua kivinjari, unaandika anwani ya seva ndani ya nyumba, mfano 192.168.1.50:4533, unasikiliza. Jambo dogo lililonisumbua: ukifunika laptopu inalala. Fungua faili /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, washa upya. Sasa inakaa imefunikwa juu ya kabati kama kitabu.

Uzuri wake ni kwamba ruta yoyote kuukuu inatosha, hata isiyo na intaneti. Saa moja ya muziki wa kbps 192 ni MB 86. Mtandaoni hizo zinakatwa kwenye bando lako. Ndani ya nyumba, bure.

Nne, kanda. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti kabla ya kila kazi. Laiti ningefanya hivyo! Waya kutoka tundu la hedifoni uingie tundu la laini la kompyuta, si la maiki, sauti itapasuka. Rekodi kwa Audacity, vilele visipite -6. Hifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi kitu. Kanda zote 63, kama ni za saa moja moja, zinaingia kwenye GB 20 hivi.

Sasa la bibi. Mwezi mmoja baada ya msiba ule wa diski tulikwenda Muheza kwa shangazi. Jioni, tunakula, redio yake ndogo ya memori kadi ikawa inaimba taarabu. Wimbo ukaisha, bibi akaanza kuzungumza. Mzee akaacha tonge mkononi. Kumbe wakati nahamisha zile kanda za mwanzo, shangazi alinipa kadi yake nimjazie nyimbo, nikamwekea kila kitu, nami nikasahau kabisa.

Kwa hiyo jambo la tano, na ndilo kubwa: nakala moja si nakala. Kila Jumapili seva yangu inanakiliwa kwenye diski ya nje, nachomoa, nafungia kabatini. Na kila ndugu mwenye redio ya kadi namjazia. Kadi ya shangazi ndiyo iliyotuokoa, si ufundi wangu.

Mzee sasa analala. Juzi kaniuliza, "Ile mashine bado ipo, au umeiuza?" Ipo, Baba, juu ya kabati pale, inafanya kazi.

Mwenye njia rahisi zaidi ya kunyoosha kanda iliyokunjamana aseme hapo chini, ile ya bibi bado ninayo. Uwanja ni wenu.