Simu inayotambua magonjwa ya muhogo

Ndugu msomaji, ukiwa mkulima wa muhogo unaujua uchungu huu. Shamba limesimama vizuri. Majani ni mengi. Siku ya haja unakwenda kung'oa. Unakata muhogo na kuona madoa ya kahawia, makavu na magumu, ndani yake. Unang'oa shina la pili. Nalo ni hivyo hivyo. Chakula ulichowawekea watoto kimeoza ardhini.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Si ugonjwa mpya. Mtaalamu aitwaye H. H. Storey aliueleza katika maandishi mwaka 1936, alipokuwa akifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Kwa miaka mingi ulijulikana zaidi sehemu za pwani. Tangu miaka ya 2000 umeenea Uganda na nchi nyingine za Maziwa Makuu.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hujificha. Jirani anakuja kuomba pingili za kupanda. Shamba lako linapendeza, nawe unampa kwa moyo mwema. Kumbe umempa na ugonjwa.

Je, tunaweza kuugundua mapema? Siku hizi kuna chombo cha kutusaidia. Ni programu ya simu iitwayo Nuru.

Nuru ni nini?

Nuru ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Ilitengenezwa pamoja na wataalamu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Inatumia akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba. Maana yake ni mashine iliyofundishwa kufanya kazi inayohitaji akili ya mtu.

Mashine hufundishwaje? Fikiri jinsi mtoto anavyojifunza mboga za majani. Mama humwonyesha, "Huu ni mchicha. Hili ni jani la kunde." Akiona mara nyingi, hujua mwenyewe. Mashine nayo hufundishwa hivyo. Wataalamu walitumia picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Kila picha waliipa jina: jani hili ni zima, hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili limeliwa na utitiri. Mashine ikajifunza kutofautisha. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2017.

Unapoelekeza simu kwenye jani, Nuru hulilinganisha na yale iliyojifunza. Kisha hukuambia inachokiona. Inatumia Kiswahili pia. Ukishaipakua, inaweza kuchunguza majani hata shambani pasipo na mtandao.

Je, inasema kweli?

Hili ni swali zuri. Usikiamini chombo kwa sababu tu ni kipya. Matokeo ya jaribio moja yalichapishwa mwaka 2020. Katika kila dalili 100, wakulima walipatia 18 hadi 31. Maofisa ugani walipatia 40 hadi 58. Nuru ilipatia 65. Wataalamu waliobobea katika magonjwa ya muhogo waliishinda Nuru.

Kwa hiyo Nuru hukosea. Lakini wachunguzi waliona jambo moja muhimu. Ukipima majani sita ya shina moja badala ya jani moja, Nuru hupatia 74 hadi 88 katika kila 100. Hivyo usiharakishe. Usihukumu shina zima kwa jani moja.

Usione aibu kwamba wakulima walikosea. Dalili hizi hufanana. Zisome hapa, kisha ukazitazame shambani:

Batobato: majani hujikunja, huwa madogo, na huwa na mabaka ya kijani hafifu au njano.

Michirizi ya kahawia: majani ya chini huwa na rangi ya njano kandokando ya mishipa. Shina laweza kuwa na michirizi ya kahawia. Muhogo huoza ndani.

Utitiri: majani machanga huwa na vidoadoa vidogo vya njano. Huzidi wakati wa kiangazi.

Mambo ambayo simu haiwezi

Simu haioni chini ya udongo. Aina nyingine za muhogo huonyesha dalili chache sana kwenye majani, na huku mizizi inaoza. Basi ng'oa mashina machache na kuyakata ndipo uamue kutoa mbegu.

Tena, simu haitibu. Batobato na michirizi ya kahawia huletwa na virusi. Hakuna dawa ya kuponya shina lililokwisha kuugua. Inzi weupe huchukua virusi vya michirizi ya kahawia kutoka shina hadi shina, lakini hawavifikishi mbali. Anayevipeleka kijiji cha mbali ni mtu, kwa kubeba pingili zenye ugonjwa.

Ufanye nini?

1. Kagua shamba lako mara kwa mara, tangu muhogo ukiwa mchanga.
2. Ng'oa mashina yenye ugonjwa na kuyateketeza.
3. Usichukue pingili katika shamba lenye ugonjwa, wala usimpe mtu.
4. Muulize ofisa ugani wako mahali pa kupata pingili safi, na aina zinazovumilia ugonjwa katika eneo lenu.
5. Kubalianeni na majirani. Ukisafisha shamba lako peke yako, inzi weupe watakuletea ugonjwa kutoka shamba la pili.

Huna simu janja? Huenda ofisa ugani anayo, au kijana mmoja kijijini. Simu moja inaweza kukagua mashamba mengi. Nendeni pamoja, mpime majani sita ya kila shina mnalolitilia shaka, kisha mjadiliane.

Ndugu msomaji, Nuru itakuonyesha. Lakini kung'oa shina lenye majani mazuri, ambalo ulilipanda kwa jasho lako, ni kazi yako wewe. Ni kazi chungu. Fanya hivyo leo ili mwakani jirani akija kuomba pingili, umpe chakula, usimpe ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.