Mtumwa aliyebeba picha ya sura yake

Mwaka 1650, mjini Roma, Diego Velázquez alimtuma mtumwa wake apeleke picha kwa marafiki waitazame. Picha hiyo ilikuwa ya huyo huyo aliyeibeba, Juan de Pareja. Antonio Palomino anasimulia kwamba wenyeji walipigwa na butwaa. Macho yalitoka kwa mtu yakaenda kwenye turubai, yakarudi kwa mtu, wasijue waseme na yupi wala ni yupi atakayewajibu.

Palomino naye alikuwa mchoraji wa mfalme wa Hispania, na kitabu chake cha mwaka 1724 ndicho kilichotuachia mengi kuhusu Velázquez, yule fundi wa Seville aliyeingia katika utumishi wa Mfalme Felipe wa Nne mwaka 1623. Kwake yeye, kisa hiki ni ushahidi wa ustadi wa Velázquez. Mimi kimenikaa moyoni kwa sababu ya mbebaji. Watu wale walipomaliza kustaajabu, kuna aliyemwambia Pareja neno?

Itazame picha yenyewe. Kichwa kimeinuka, bega limegeuka kidogo, mkono umepita mbele ya mwili. Kola pana ya lesi nyeupe imelala juu ya vazi la kijivu, na mwanga umetua kwenye paji la uso wa mtu huyu mwenye asili ya Kiafrika, aliyezaliwa utumwani kusini mwa Hispania. Kiwikoni pana doa jeupe, kama nguo iliyochanika. Nyuma yake hakuna kiti, pazia wala dirisha. Yupo yeye tu, anakutazama usoni bila kuomba chochote. Iliponing'inizwa katika jengo la Pantheon, huko Roma, siku ya Mtakatifu Yosefu, Palomino anasema, mchoraji mmoja Mflemi alikiri kwamba zile nyingine zote zilikuwa picha, na hii peke yake ilikuwa kweli.

Palomino anaendelea. Velázquez, kwa kulinda heshima ya sanaa, hakumruhusu mtumwa kuchora. Kazi yake ilikuwa kusaga rangi na kuandaa turubai. Pareja akajifunza kwa siri, usiku. Siku moja akaiegemeza picha yake ukutani, uso ndani, akijua mfalme hupenda kugeuza picha za namna hiyo. Mfalme akaigeuza, akatamka kwamba mwenye kipaji hiki hawezi kuwa mtumwa.

Ni kisa kitamu, lakini hati imekikanusha. Mwaka 1983 mwanahistoria Jennifer Montagu alichapisha hati iliyotiwa saini Roma tarehe 23 Novemba 1650. Aliyemwacha huru Pareja ni Velázquez mwenyewe, tena kwa masharti: uhuru ungeanza baada ya miaka minne, mradi asitoroke wala asitende uhalifu.

Miaka minne! Mkono uliochora utu ule wote ndio uliotia saini. Je, Velázquez alihitaji msaga rangi kwa muda huo? Au Pareja alikuwa tayari mchoraji, na bwana wake hakutaka kupoteza mkono wa pili?

Alipokuwa huru, Pareja alichora kwa jina lake. Mwaka 1661, mwaka mmoja baada ya Velázquez kufariki, alikamilisha picha ya kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, yenye upana wa zaidi ya mita 3, ambayo ni mali ya makumbusho ya Prado, Madrid. Pembeni kabisa kushoto alijichora mwenyewe, amesimama, karatasi mkononi, na kwenye karatasi hiyo ameandika jina lake.

Miaka ya 1920 Arturo Schomburg, mkusanyaji wa historia ya watu weusi aliyezaliwa Puerto Rico, alisafiri hadi Hispania kuitafuta kazi hiyo. Makumbusho ya Metropolitan ya New York iliinunua ile sura iliyochorwa na Velázquez kwa zaidi ya dola milioni 5.5, ikaitangaza mwaka 1971. Maonyesho ya kazi za Pareja ikayafungua mwaka 2023. Walimu wa sanaa wanaomfundisha Velázquez wasiishie kwenye sura ya Pareja. Wafundishe na picha alizochora.