Upendo wenye sindano safi



Mara nyingi ku parokia zetu za Kolwezi tunasikia watu wakisema: «Ule anatumika ku hopitali kwa imani, Mungu atamulinda.» Ni neno la kweli, lakini linahitaji neno la pili. Hilo la pili tulifundishwa humu mwetu Congo kwa machozi, kwanza ku Yambuku, kisha ku Kikwit. Na wakati Corona ilizunguka dunia nzima katika mwaka wa 2020, tuliona faida yake.

YAMBUKU, 1976

Yambuku ni kijiji cha upande wa kaskazini. Masista kutoka Ubelgiji walikuwa na hopitali ya misioni pale, na wagonjwa walitoka mbali sana kutafuta dawa. Moyo wa kutumika ulikuwapo. Vyombo ndivyo vilikosekana. Kila asubuhi sindano tano zilitolewa kwa kazi ya siku nzima. Zikitoka kwa mugonjwa mumoja zilisuuzwa tu kwa maji ya moto kidogo, kisha zilimuchoma mwingine.

Katika mwezi wa 9 ugonjwa ambao hakuna aliyeujua uliingia. Leo tunauita Ebola, jina la muto wa upande ule. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hopitali, 11 walizikwa. Sindano ile ile iliyoleta dawa ilileta kifo. Hakuna aliyetaka ubaya. Lakini nia njema haiui mikrobi.

Munganga mumoja Mukongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kule kutoka Kinshasa. Alipotoa damu ya wagonjwa, ilitiririka mikononi mwake, naye hakuwa na mipira ya kuvaa mikononi. Alinawa kwa maji na sabuni. Alirudi akiwa muzima.

KIKWIT, 1995

Miaka 19 ikapita. Katika mwezi wa 4 wa mwaka wa 1995, mutumishi wa laboratwari alipasuliwa tumbo ku hopitali ya Kikwit, katika Bandundu ya wakati ule. Walizani ni ugonjwa wa tumbo wa kawaida. Kisha wale waliomupasua na kumutunza wakaanza kuugua, mumoja mumoja.

Pale walitumika Masista wa Poverelle, wa Bergamo katika Italia. Sista Floralba Rondi, muuguzi wa chumba cha kupasulia, alikufa tarehe 25 mwezi wa 4. Dada zake walimuuguza, na wengine walitoka vituo vingine kuja kusaidia. Sista Clarangela alikufa tarehe 6 mwezi wa 5, Sista Danielangela tarehe 11, Sista Dinarosa tarehe 14, Sista Annelvira tarehe 23, Sista Vitarosa tarehe 28. Masista sita, muda wa mwezi mumoja na siku chache. Mwaka wa 2021 Papa Francis aliwatangaza kuwa Waheshimiwa, hatua moja katika njia ya kuitwa Wenyeheri.

Tusisahau wengine. Kati ya watu 315 walioshikwa na ugonjwa, karibu 80 walikuwa watumishi wa afya, na wengi wao ni Wakongo, baba na mama za watoto kama wewe unayesoma. Majina yao hayaandikwi sana, lakini Mungu anayajua.

Juu ya nini ugonjwa uliisha? Munganga Muyembe alifika, akakumbuka Yambuku. Damu ilitumwa Atlanta, Marekani, na jibu likawa Ebola. Wagonjwa walitengwa. Watumishi walipewa mipira ya mikono, aprona na vitambaa vya kufunika mudomo na pua, wakafundishwa namna ya kuvivaa na kuvivua. Wafu walizikwa na watu waliojikinga. Tangu wakati ule watumishi karibu wakaacha kuambukizwa. Tarehe 24 mwezi wa 8 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha.

CORONA, 2020

Mugonjwa wa kwanza wa Corona katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3. Aliyewekwa kuongoza vita ile ni nani? Ni Muyembe yule yule. Makanisa yalifungwa miezi mingi. Katika kampuni fulani za mugodi, watumishi walilala ndani kwa majuma, mbali na bibi na watoto.

Watu wengi walichukizwa. Mama alimuona mutoto wake, muuguzi, akisimama mbali na kukataa kumupa mukono, na moyo ulimuuma: «Sasa unaniogopa?» Jibu la Kikristo ni hili: «Mama, sikuogopi. Ninakuogopea.» Kumupenda mutu ni pamoja na kuzuia mukono.

SISI TUFANYE NINI?

Kijana unayetaka kazi ya uuguzi, usifikiri kwamba kujikinga ni kukosa imani. Masista wa Kikwit hawakufa juu ya kupenda sana. Walitumika kabla ugonjwa haujajulikana na vyombo havijafika. Tukiwaheshimu kweli, tusimutume mwingine mikono mitupu.

Wazazi, ku dispansere omba kwa upole sindano mupya ifunguliwe mbele ya macho yako. Usimufiche mugonjwa nyumbani, wala usimupeleke ku chumba cha maombi na kuacha hopitali. Maombi na dawa vinatembea pamoja.

Na parokia, kikundi cha wamama, kwaya: tukikusanya mafranga ya sikukuu, tutenge sehemu ya sabuni, maji ya Javel na mipira ya mikono kwa dispansere ya karibu. Katika Kasulo, Kapata na Musonoi tunaishi nyumba kwa nyumba. Ugonjwa ukiingia kwa jirani, uko pa mulango wako.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

1. Muuguzi wa karibu yetu anakosa kitu gani cha kujikinga?
2. Mutu wetu akifa kwa ugonjwa wa kuambukiza, tutakubali azikwe bila kumugusa? Tusikilizane leo, kabla ya matanga.
3. Someni pamoja Mathayo 25, mustari wa 31 mpaka 46. Kumutembelea mugonjwa kwa akili ni kufanya namna gani?