Mfupa Uzibapo Njia ya Tonge

Mzee asemapo kwamba tonge la ugali halishuki, watu wa nyumbani mwake huwa na majibu mengi tayari. Mmoja atasema kimeo kimerefuka, kikatwe. Mwingine atasema ni uzee tu. Na wa tatu atanong'ona kwamba mzee amerogwa. Ni wachache watakaofikiria mifupa ya shingo. Hata hivyo, sayansi ya tiba inatufundisha kwamba mara nyingine kizuizi hakimo ndani ya koo, bali kiko nyuma yake, kwenye uti wa mgongo. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini ni hatari kukisia chanzo chake bila ya uchunguzi.

Majirani wasio na uchochoro

Shingo ya binadamu ina pingili 7, idadi ile ile aliyo nayo twiga licha ya urefu wa shingo yake. Baina ya pingili nyingi za shingo mna visahani vya gegedu vinavyopunguza mtikisiko. Mbele ya pingili hizo hushuka koromeo, ambalo kwenye usawa wa pingili ya 6 hivi huendelea kuwa umio, yaani mrija upelekao chakula tumboni. Kati ya njia hiyo ya chakula na mfupa hamna ila misuli myembamba na tando laini. Ni sawa na majirani wawili waliojenga nyumba zao bila ya kuacha uchochoro: mmoja akiongeza baraza, mwenzake hubanwa.

Mwanafunzi anaweza kujionea kazi ya kumeza. Na aweke vidole viwili juu ya kongomeo, ile sehemu ngumu iliyo mbele ya shingo, kisha ameze mate. Atahisi kongomeo likipanda na kushuka. Katika muda wa sekunde moja hivi, njia ya pumzi hufungwa, kifuniko kidogo cha gegedu huinama juu ya mlango wake, na mlango wa umio hufunguka. Tonge hupita nyuma, karibu kabisa na pingili. Kazi hii yote yahitaji nafasi.

Jinsi mfupa unavyoota

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai. Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani, Julius Wolff, alieleza kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Umri unapoendelea, visahani vya shingo hukauka na kupungua unene. Kingo za pingili hupata mzigo zisiouzoea, nazo huota vichomozo vya mfupa, kana kwamba mwili unajaribu kupanua msingi wa nguzo inayoyumba. Uchunguzi uliofanywa Sierra Leone na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa uchakavu wa pingili za shingo ulionekana zaidi kwa watu wabebao mizigo kichwani kuliko kwa wasioibeba.

Iko njia ya pili. Mwaka 1950 Jacques Forestier na Jaume Rotés-Querol waliandika juu ya wazee ambao kano ndefu ipitayo mbele ya uti wa mgongo ilikuwa imegeuka mfupa. Katika picha, mfupa huo huonekana umetiririka kutoka pingili hadi pingili kama nta ya mshumaa, na huweza kuunganisha pingili 4 au zaidi. Hali hii huwapata zaidi wanaume waliopita umri wa miaka 50, na huandamana mara nyingi na unene wa mwili na ugonjwa wa kisukari. Wala si maradhi mapya. Mwaka 1985 daktari Mwingereza, Tony Waldron, alieleza dalili zake katika mifupa iliyofukuliwa kwenye nyumba ya watawa ya kale ya Merton, karibu na London. Akadhani kwamba huenda wingi wa chakula cha watawa ulichangia.

Madhara kooni

Wengi wenye vichomozo hivi hawahisi lolote kooni. Matatizo huanza pale kichomozo kinapokuwa kikubwa, au kinapokuwa mahali pembamba, kama vile karibu na mlango wa umio. Kwanza hukwama vyakula vikavu na vigumu, kama ugali, muhogo na nyama, ilhali uji hupita. Mgonjwa huhisi kitu kimemganda kooni, na akiinua kichwa nyuma hali huzidi. Baadaye anaweza kupaliwa mara kwa mara, sauti ikakwaruza; na kwa nadra hata pumzi hubanwa.

Picha ya eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavuni huonyesha kichomozo. Aidha, mgonjwa hunyweshwa maji mazito ya bariumu, ambayo huonekana katika eksirei, ili daktari atazame mahali yanapozuiwa.

Hapa yapasa kutahadhari. Vichomozo ni vya kawaida kwa wazee; kwa hiyo kukiona kimoja si kuthibitisha kwamba ndicho chenye hatia. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, toka Ethiopia hadi Malawi, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio, na dalili yake ya kwanza ni hiyo hiyo ya chakula kukwama. Ndiyo maana madaktari huchungulia pia ndani ya umio kwa mrija wenye taa, wakiupitisha kwa uangalifu ili usijeruhi ukuta uliobanwa na mfupa.

Kukata kimeo hakusaidii. Kimeo huning'inia nyuma ya kinywa, mbali na mlango wa umio. Kukikata hakuondoi mfupa wala saratani, bali huleta hatari ya kutoka damu na kuambukizwa, na hupoteza majuma yenye thamani.

Matibabu

Ikithibitika kwamba kichomozo ndicho chanzo, mara nyingi hutosha kula vyakula laini kwa matonge madogo, kutumia dawa za kupunguza uvimbe, na kufundishwa mazoezi ya kumeza. Yasipofaa hayo, daktari mpasuaji hupita mbele ya shingo na kukichonga. Kazi hiyo ni nyeti, kwa kuwa mishipa ya fahamu iongozayo nyuzi za sauti iko karibu. Na baada ya miaka mfupa huweza kuota tena.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Mwalimu afundishapo juu ya uti wa mgongo na umio, na awakumbushe wanafunzi wake kwamba viungo hivyo viwili ni majirani. Na mwanafunzi asikiapo nyumbani kwamba tonge la babu halishuki kwa muda wa majuma mawili au matatu, asingoje mabishano yaishe: amwombe baba au mama ampeleke babu hospitali, akatazamwe.