Ramani ya Nyumba Mezani kwa Wataalamu

Ninyi mliokusanyika Mapinga, huko kwenu, kila upitapo njia ya Bagamoyo, huoni ila matofali mapya yamepangwa. Swali letu la leo lawahusu sana: mtu akipeleka ramani ya nyumba halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, nani huitazama, naye hutazama nini?

Wengi hudhani kazi hiyo ni ya karani mmoja mwenye muhuri. Sivyo. Ramani hupitia kwa wataalamu kadhaa, kila mmoja na jicho lake, kisha maoni yao huwekwa pamoja ndipo uamuzi utolewe.

Tuchukue mfano. Mtu ana kiwanja kando ya barabara, ataka nyumba ya ghorofa moja: chini maduka, juu vyumba vya kulala. Afisa mipango miji haanzi na nyumba. Huanza na kiwanja. Je, kimepimwa? Mahali hapo pametengwa kwa biashara au kwa makazi tu? Jirani ameachiwa nafasi gani? Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu, kuhesabu toka katikati. Na kwa aliye upande wa baharini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni. Kosa la namna hii likionekana kwenye karatasi, hufutwa kwa raba. Likionekana nyumba imekwisha simama, ndipo mwenyewe aamkapo na kukuta X nyekundu ukutani.

Bwana Afya naye huuliza mambo ya choo: shimo liko umbali gani na kisima? Chumba kina dirisha la kupitisha hewa? Mtu wa zimamoto huuliza, moto ukishika ngazi, walio juu watatokea wapi?

Sasa tufike kwa mhandisi, na hapa tukae kidogo. Mmeziona nyumba za mawe za zamani pale Bagamoyo? Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti ya mkoko. Dari ililazwa juu ya boriti, na boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa, kwa kawaida si zaidi ya mita 3 hivi. Fundi hata akitaka makuu, mti wenyewe ulimkatalia. Zege na nondo havikatai hivyo. Waweza kumwaga sakafu pana, ukaongeza ghorofa, na kwa macho kila kitu kikaonekana kizima, kumbe nguzo imekwisha lemewa. Kwa hiyo mhandisi hukagua hesabu: uzito, unene wa nguzo, idadi ya nondo, namna ya udongo chini ya msingi. Hapa pwani lipo na neno la mchanga. Mchanga wenye chumvi ya bahari hulisha nondo kutu ndani kwa ndani, na mwenye nyumba hajui mpaka zege lianze kupasuka.

Mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam. Jengo lililokuwa likijengwa, limefika ghorofa 16, lilianguka likaua watu 36. Viongozi wa serikali walieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Tena tarehe 16 Novemba 2024 jengo lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Angalieni jambo la Indira Gandhi. Wataalamu huidhinisha nyumba iliyochorwa, siyo nyumba atakayoiwaza mwenye kiwanja baada ya mwaka. Ukiongeza ghorofa juu ya ile uliyoombea, huna kibali hata kama karatasi unayo mfukoni. Ramani mpya na irudi mezani.

Malalamiko kwamba vibali huchelewa si ya uongo, na gharama huwauma watu wa kipato kidogo. Lakini mengi hurudishwa kwa sababu ramani imenunuliwa kwa mtu asiyejulikana. Kabla hujalipa, uliza: mchoraji amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi? Mhandisi je, yumo katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Na ramani yako ikirudishwa, usiondoke na neno "haifai" tu. Omba uonyeshwe mahali penyewe kwenye mchoro.

Katika kipindi kijacho tutajifunza kusoma vipimo vya ramani. Kila kikundi kiwe na rula na penseli, na mwenye ramani ya nyumba yake aje nayo.